Meno ya Mwalimu Wilhelmina na Bisibisi ya Fundi Simu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Wilhelmina Ngosha Masalu
Umri: Miaka 64
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mwalimu mstaafu, shule ya msingi
Makazi: Nyegezi, Jiji la Mwanza
Tarehe na saa: Alhamisi, 12 Juni 2025, kuanzia saa 3:40 asubuhi
Mwandishi: WP Koplo Teodora

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu zote, na nikiwa sina jino hata moja kwenye taya la juu. Naomba hilo la meno liandikwe mwanzoni kabisa. Yapo maneno nitakayoyarudia mara mbili ndipo afande ayasikie vizuri, na sitaki kesho mtu aseme nilikuwa nababaika.

Hii ni mara ya tatu nakuja kituoni hapa. Jumanne tarehe 10 nilifika saa 2:00 asubuhi nikaambiwa mimi ndiye niliyedhuriwa, nirudi nyumbani, nitaitwa. Jumatano nilifika saa 3:00 nikaambiwa mpelelezi yuko mahakamani. Kijana anayeitwa Mihayo Josephat, fundi simu, yuko mahabusu tangu Jumatatu jioni kwa ajili ya meno yangu. Nimeambiwa jalada linasema aliyaharibu bila ridhaa yangu. Si kweli. Nimekuja kusema ilivyokuwa, na naomba niachwe nianzie mwanzo, kwa sababu kila nikianzia katikati watu wananiambia "pole mama" halafu wanafunga daftari.

Kwa miaka kumi na moja nilivaa meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Mwaka 2023, kwenye harusi ya mtoto wa mdogo wangu Modesta anayeishi Kisesa, nilipiga kigelegele na meno yakatoka yote yakaangukia kwenye sahani ya pilau ya meza kuu. Watu walijifanya hawajaona. Tangu siku hiyo nilikuwa nacheka nimeziba mdomo kwa kanga, na vigelegele nikaacha kabisa. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, lakini mimi nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na mbili, sijazoea kuziba mdomo.

Mwanangu Revocatus Paulo, ambaye ni afisa ugavi hapa Mwanza, ndiye aliyenipeleka kwenye kliniki ya meno ambayo jina lake lipo kwenye jalada. Tulionana na daktari bingwa, Dakta Rwehumbiza, ambaye anaishi Moshi na huja Mwanza baadhi ya Jumamosi. Alisema ataniwekea vipandikizi sita. Nilimwambia, "Dakta, nina miaka sitini na tatu, vipandikizi vya nini tena?" Daktari kijana wa pale, anaitwa Winnie, alicheka hadi akatoka nje, maana mimi nilivijua vile vya uzazi wa mpango tu. Dakta akaeleza kwamba hivi ni vijiti vya titani vinavyoingizwa kwenye mfupa wa taya. Mfupa unavishika kwa miezi kadhaa, kisha meno yote ya juu, yakiwa kipande kimoja, yanafungwa juu yake kwa skrubu ndogo. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuyatoa. Anayeweza kuyatoa ni daktari, kwa bisibisi yake.

Maneno hayo ya mwisho sikuyatilia maanani siku ile.

Mnamo tarehe 17 Agosti 2024, siku ya Jumamosi, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana, niling'olewa mabaki manne ya meno yangu na nikapandikizwa hivyo vijiti sita. Uso ulivimba siku nne. Nilikunywa uji mpaka nikauchukia. Mnamo tarehe 1 Februari 2025 nilifungiwa meno kumi na mawili ya kudumu. Dakta alikaza skrubu moja baada ya nyingine kwa kifaa kinachopima nguvu ya mkono, akaziba matundu kwa dawa nyeupe, akanipa kioo. Naomba iandikwe kwamba nilifurahi. Afande ameniuliza kama hilo linahusu kesi. Linahusu sana. Mtu asiyejua nilivyofurahi hataelewa nilichokuja kufanya baadaye.

Dakta alinikataza kutafuna muwa, mifupa na barafu. Nilitii.

Mnamo tarehe 27 Aprili 2025, Jumapili, majira ya saa 8:00 mchana, nilikuwa Kisesa nyumbani kwa Modesta. Alileta matobolwa na karanga. Kwa asiyejua, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikakauka kweli kweli. Dakta Rwehumbiza ni Mhaya, kwao ni ndizi, na matobolwa hakuyataja kwa sababu hayajui. Mimi nayajua. Nilichukua kule kutoyataja kwake kuwa ni ruhusa, nikala. Kipande cha tatu nilisikia kitu kimelia upande wa kushoto, na meno yakaanza kucheza kidogo nikiuma.

Kesho yake, Jumatatu tarehe 28 Aprili, saa 2:30 asubuhi, nilikuwa kliniki. Winnie alitazama akasema skrubu moja imelegea, ni kazi ya dakika kumi. Alifungua droo, akajaribu bisibisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna iliyoingia. Akaniambia, "Mama, kila kampuni ina bisibisi yake. Ya kwako iko kwenye begi la Dakta."

Nikamuuliza begi liko wapi. Akasema Moshi.

Niliuliza kama nimesikia vizuri, kwamba kinywa changu kiko Mwanza na ufunguo wake uko Moshi. Winnie aliinamisha kichwa akasema pole. Winnie simlaumu. Alinipa dawa na alinipigia simu mara mbili kunijulia hali. Ila pole yake haikukaza skrubu.

Niliandikiwa tarehe 10 Mei. Nilifika saa 2:00 asubuhi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki hadi saa 9:00 alasiri, ndipo binti wa mapokezi akatangaza kwamba ndege ya Dakta imeahirishwa. Niliandikiwa tarehe 24 Mei. Nikiwa njiani nilitumiwa ujumbe kwamba Dakta ana mkutano, nikafika hivyo hivyo. Niliandikiwa tarehe 14 Juni. Hapo nilimwambia binti wa mapokezi, "Basi Dakta abaki na mikutano yake, atume bisibisi tu. Mabasi ya kutoka Moshi yanaingia stendi ya Nyegezi kila siku. Mimi naishi Nyegezi. Hata vifaranga vinatumwa kwa basi na vinafika hai." Akanijibu kwamba kifaa cha daktari bingwa hakitumwi kama mzigo. Aliyasema hayo akitazama kompyuta. Katika mambo yote ya kliniki ile, hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, na hadi leo nikilikumbuka napata joto kichwani.

Mnamo tarehe 3 Juni, Jumanne, niliamka na homa. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba, mdomo unanuka, na kila nikimeza naonja uozo. Meno sasa yalikuwa yanacheza pande zote mbili. Nilikwenda hospitali nyingine, daktari wa zamu akatazama akasema kuna usaha chini ya meno, lakini hawezi kuyafungua, kazi hii inarudi kwa aliyeifunga. Nilimpigia Revocatus, ambaye alikuwa Dodoma kikazi. Alisema, "Vumilia mama, tarehe 14 siyo mbali." Siku kumi na moja kwa mtu mwenye usaha mdomoni ni mbali sana, lakini yeye alikuwa anaongea na meno yake yote.

Mnamo tarehe 4 Juni, Jumatano, saa 4:15 asubuhi, nilikwenda kwenye kibanda cha Mihayo jirani na stendi ya mabasi Nyegezi. Mihayo ana miaka 29. Nilimfundisha darasa la tatu. Ni fundi mwenye mkono mwepesi. Simu iliyoingia ziwani anaifufua. Hakunifuata, hakuniita, wala hakujua kama nina meno ya skrubu. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu.

Aliniamkia, "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia, nikamuuliza kama ana bisibisi ndogo za pembe sita.

"Ninazo, Mwalimu. Ni simu gani?"

Nikamwambia siyo simu. Nikakaa kwenye stuli, nikafungua mdomo.

Mihayo alirudi nyuma hatua mbili. Alisema, "Mwalimu, hapo ni hospitali." Nikamwambia hospitali nimetoka, mara nne. Akasema anaogopa. Nikamwambia mimi naogopa zaidi, kwa sababu usaha ni wangu. Mwishowe akaomba nimpe nusu saa. Alichemsha maji kwa mama ntilie jirani, akachemsha bisibisi zake, akazisafisha tena kwa spiriti, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha alichukua uzi wa nailoni wa kufumia nyavu, akaufunga kwenye shingo ya bisibisi na upande wa pili akaufunga kwenye kidole chake. Nilimuuliza wa nini. Akasema, "Ikiponyoka isiende tumboni, Mwalimu." Naomba ijulikane kwamba Dakta Rwehumbiza naye hufunga uzi hivyo hivyo, na Mihayo hajawahi kumwona Dakta akifanya kazi.

Alivaa miwani yake ya kukuzia, akachokoa dawa nyeupe kwa sindano. Chini yake alivuta kitu cheupe chembamba, akakitazama kwenye taa, akasema, "Mwalimu, hii ni tepu ya fundi bomba." Nilitaka kucheka ila maumivu yalinizuia. Bisibisi ya tatu iliingia sawasawa. Kitu nilichokisubiri kutoka Moshi kwa wiki tano kilikuwa kwenye kikopo cha Mihayo, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Alitoa skrubu sita, moja moja, akaziweka juu ya sumaku anayotumia kwa simu. Sumaku haikuzishika, akashangaa, akazihamishia kwenye kifuniko cha chupa. Meno yalipotoka, usaha ulimwagika. Nililia pale pale, mbele ya watu waliokuja kuweka vocha, na sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu kuna mtu hatimaye amefanya kitu.

Alinifungia meno na skrubu kwenye mfuko safi, akaniambia nikasukutue kwa maji ya chumvi na niwapelekee wenyewe kliniki. Nilisukutua. Alhamisi homa ilishuka, Ijumaa uvimbe ulikuwa umekwisha. Mpaka hapo, afande, kosa la kijana huyu ni kwamba alimponya mtu mzima aliyekataliwa kila mahali.

Sasa nafika pale ambapo sikupenda kufika.

Jumapili tarehe 8 Juni mjukuu wangu Kokulinda, mtoto wa Revocatus, alikuwa anapata kipaimara. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Msimamizi anasimama mbele ya Askofu, mbele ya kanisa zima, na Modesta kazi yake ni kupiga picha na kuzituma kwa ukoo wote kabla misa haijaisha. Nilijitazama kwenye kioo Ijumaa mchana nikaona siwezi kusimama pale na mdomo uliobonyea. Naomba iandikwe kama nilivyosema, siyo kwamba nilikuwa naumwa. Nilikuwa nimepona. Nilitaka meno.

Mnamo tarehe 6 Juni, Ijumaa, saa 10:20 jioni, nilirudi kwa Mihayo na mfuko wangu. Nilikuta anafunga kazi. Hakutaka. Alisema, "Mwalimu, kutoa ni kutoa, kufunga ni kitu kingine. Wale wana kipimo cha kukazia, mimi nina mkono tu." Nilimwambia ni kwa siku mbili, Jumatatu nitakwenda kwa wenyewe. Akakubali kwa shingo upande. Aliyachemshia maji, akayarudisha, akakaza skrubu zote kwa mkono. Nilipouma, skrubu ya kushoto ikacheza tena kidogo. Kidogo tu. Lakini mimi nikaona meza kuu, nikaona ile sahani ya pilau.

Juu ya meza yake kulikuwa na tyubu ya supagluu. Nilimwambia azitoe skrubu zote, atie tone la supagluu kwa kila moja, azirudishe.

Alisema hapana. Alisema, "Mwalimu, supagluu ikikauka haitoki." Nikamjibu hicho ndicho ninachotaka. Akasema hapana mara ya pili, akaisukuma ile tyubu mbali. Hapo nilifanya kitu ambacho sijakifanya tangu nistaafu. Nilimtazama kwa macho ya darasani, nikamwita jina lake na la baba yake, nikamwambia, "Mihayo Josephat, mimi ndiye ninayejua shida ya kitu hiki kulegea. Tia." Nilitumia sauti ile ile iliyokuwa inamsimamisha akiwa na miaka tisa. Akatia. Matone mawili yalimwagikia kwenye ufizi. Hata hivyo sikumwambia aache.

Jumapili nilisimama kwa Askofu. Nilikuwa na meno. Baada ya misa, nyumbani kwa Revocatus, nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia, na Modesta alipouliza nimetengenezewa wapi nikasema kwa sauti, kwa fahari, kwamba ni Mihayo, yule fundi simu wa stendi. Revocatus aliweka kijiko chini.

Usiku ule ufizi ulianza kuniwaka moto. Jumatatu tarehe 9 Juni Revocatus alinipeleka kliniki saa 4:30 asubuhi. Dakta Rwehumbiza alikuwepo. Alikuwa ameitwa kwa mgonjwa mwingine wa dharura, kumbe inawezekana kuja siku isiyo Jumamosi. Kuanzia saa 5:00 hadi saa 8:00 mchana alijaribu kufungua skrubu kwa ile bisibisi yake ya Moshi. Hazikufunguka. Alilazimika kuyakata meno kwa mashine vipande vitatu, na kipande cha kushoto kilipotoka kilikuja na kijiti kimoja cha titani pamoja na mfupa wake. Vimebaki vitano. Juu yake hakuna kitu, ni nguzo bila nyumba.

Dakta alikasirika, na sina la kumlaumu kwa hasira ile. Aliuliza, "Nani amefanya hivi?" Mimi nilikuwa na ganzi hadi kwenye pua, pamba pande zote mbili, na bomba la kufyonza mate. Sikuweza kutamka hata herufi moja. Nikanyoosha kidole nikajigusa kifuani, kumaanisha mimi. Dakta alidhani nimepata maumivu ya moyo. Alisimamisha kazi akanipima presha. Wakati ananipima presha, Revocatus alijibu swali kwa niaba yangu. Alisema, "Ni yule fundi simu wa stendi."

Nilitikisa kichwa. Wakaniambia nitulie.

Walinirudisha nyumbani nikalala kwa dawa. Jioni ile Revocatus pamoja na meneja wa kliniki walikuja hapa kituoni kutoa taarifa, na Mihayo alikamatwa saa 12:30 jioni akiwa kibandani kwake. Mimi niliyajua hayo Jumanne alfajiri, Rose alipogonga mlango wangu. Rose ni mke wa Mihayo. Alisema wamemhoji mumewe, na kuhusu gundi amesema aliamua mwenyewe. Nilimuuliza Rose kwa nini anasema uongo. Rose akasema, "Anasema hawezi kumtaja Mwalimu wake polisi." Nilikasirika kiasi kwamba sikumkaribisha hata chai. Nilimfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Kunibebea makosa yangu sikumfundisha, na sikumtuma.

Jana tarehe 11 Juni, saa 11:00 jioni, Revocatus alikuja nyumbani na karatasi kutoka kliniki. Ni fomu ya ukurasa mmoja. Inasema kwamba mimi nathibitisha Mihayo Josephat aliyagusa meno yangu bila idhini wala maombi yangu, na alitumia gundi bila mimi kujua. Kliniki ina dhamana ya miaka mitano kwa kazi yake. Kama mgonjwa amempa mtu mwingine aichezee kazi hiyo, dhamana imekufa. Kama mtu mwingine ameiharibu kwa jinai, kliniki itapandikiza upya kijiti kilichotoka na kutengeneza meno mapya, na mimi sitadaiwa chochote. Nikisaini napata meno. Nisiposaini nabaki hivi nilivyo. Revocatus, ambaye ndiye aliyelipia meno yale, hawezi kuanza upya, ana watoto watatu shuleni, na mimi ninaishi kwa pensheni.

Revocatus aliniambia, "Mama, saini tu. Mihayo ni kijana, atatoka, kosa lenyewe halina uzito." Nikamuuliza, kama halina uzito kwa nini yuko ndani siku ya tatu. Akasema mimi siku zote nawatetea wanafunzi wangu kuliko watoto wangu. Hilo liliniuma. Revocatus ni mtoto mwema. Amefanya kazi mwaka mzima ili mama yake acheke bila kanga, halafu mama yake akamwaga supagluu juu ya hiyo kazi. Ana haki ya kukasirika. Ila hasira yake ameipeleka kwa mtu asiyehusika.

Usiku mzima nilikaa na ile fomu mezani. Sitasema sikushawishika. Nilichukua kalamu mara mbili. Nilijiambia kwamba sentensi ya kwanza ni uongo nusu tu, kwa kuwa kweli Mihayo hakupenda, na mtu asiyependa ni kama hakuombwa. Nilikuwa mwalimu, najua mtu anayetafuta jibu la kunakili anavyokaa. Nilikuwa nimekaa hivyo.

Afande ameniuliza maswali yafuatayo nami nikajibu.

Ameuliza kama Mihayo alijitangaza kwangu kuwa ni daktari. Hapana. Alinitangazia mara mbili kwamba siyo daktari.

Ameuliza kama nililazimishwa. Hapana. Aliyelazimishwa ni yeye.

Ameuliza kama nilijua supagluu haifai mdomoni. Ndiyo, nilijua. Imeandikwa kwenye tyubu, kwa herufi ndogo, isiingie machoni wala mdomoni. Niliisoma nikiwa nimekaa pale kwenye stuli, kabla hajaifungua. Mihayo hakuisoma kwa sababu anaitumia kila siku. Mimi nilisoma kila neno, nikamwambia atie.

Ameuliza kama naelewa kwamba kwa kusema hivi naweza kukosa dhamana ya kliniki. Naelewa. Ameuliza kama nataka kupumzika kwanza nifikirie. Nimemwambia nimefikiria tangu jana jioni, na kadiri ninavyofikiria ndivyo ninavyozidi kuyataka hayo meno, kwa hiyo naomba tuandike haraka.

Ninachoomba ni kimoja. Kliniki ikitaka kumshtaki mtu kwa meno haya, inishtaki mimi, na Mihayo arudi kwa mkewe leo, siyo kesho. Ile fomu nimekuja nayo na ninaikabidhi kwa afande kama kielelezo. Sijaisaini.

Niliyoyasema hapo juu ndiyo yaliyotokea, yametoka kwenye kinywa changu hivi kilivyo, na nimeyasoma mwenyewe neno kwa neno. Nimesahihisha sehemu tatu, na afande amekubali.

Saini ya shahidi: W. N. Masalu
Saa 6:20 mchana

MAELEZO YA MWANDISHI:

Mimi WP Koplo Teodora ninathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, kwa lugha ya Kiswahili, naye ameyasoma kabla ya kusaini. Nimepokea fomu moja ya kliniki, haina saini.

Kabla shahidi hajasaini, mtoto wake Revocatus Paulo, ambaye alikuwa anasubiri nje, aliingia ofisini bila kuitwa na kumwambia, "Mama, ukisaini hapo huna meno tena maisha yako yote." Shahidi alimwambia akae chini. Alikaa. Shahidi alisaini.

Jalada limepelekwa kwa Mkuu wa Upelelezi kwa uamuzi kuhusu mtuhumiwa. Nilimjulisha shahidi kwamba uamuzi unaweza kuchukua muda na kwamba yuko huru kwenda nyumbani. Amekataa. Hadi naandika haya, saa 8:05 mchana, amekaa kwenye benchi la mapokezi pamoja na mke wa mtuhumiwa. Mtoto wake amewanunulia uji, naye amekaa hapo hapo.